Ami Anakwenda Kuwinda Nyati

Ami yangu, ndugu wa marehemu baba, hakuwahi kupanda ngamia mpaka alipokwishastaafu, na siku hiyo ya kwanza tulimfunga kamba kiunoni kama gunia la mchele. Najua kwa sababu ncha moja ya kamba niliishika mimi. Leo ukifika kambini kwake, pale lami inapokwisha na mchanga wa Bidiyah unapoanza, utamkuta amekaa mbele ya hema jeusi la manyoya ya mbuzi, wanja machoni, jambia tumboni, bunduki kongwe isiyofyatuka juu ya magoti, anawahadithia wageni wa Kizungu namna alivyozaliwa juu ya tandiko la ngamia katikati ya tufani ya mchanga. Amezaliwa Malindi ya Unguja, katika nyumba ya ghorofa yenye umeme, na mkunga alikuwa muuguzi wa hospitali. Bibi yangu aliyemzaa amenieleza mwenyewe, tena kwa kujivunia, kwa sababu siku zile si kila mtu aliletewa muuguzi.

Sikatai kwamba kazi yake anaijua. Akilia mlio wa mbwamwitu, watoto wa wageni hujificha nyuma ya mama zao. Akieleza jinsi alivyomnyonga chui kwa kilemba chake, hunyamaza pale panapostahili kunyamazwa, hutazama mbali mchangani, na machozi humlenga. Chui ni wa kutunga. Machozi ni ya wanja mbaya anaoununua rahisi, unamwasha. Watu wengi humtazama kwenye simu zao, na wako wanaomwandikia kwamba yeye ndiye Mwarabu wa mwisho wa jangwani. Kabla ya hapo alikuwa karani katika ofisi moja ya serikali Izki. Kazi yake ilikuwa kugonga mihuri na kuwaambia watu warudi kesho. Mihuri aliiacha. Ile ya kuwaambia watu warudi kesho alikuja nayo kwetu.

Wazazi wetu walifariki pamoja kwenye barabara ya Sinaw, wakirudi kutoa pole kwenye msiba wa watu wengine. Sisi ni watoto wa kike watatu, mimi mkubwa. Nilikuwa darasa la tisa. Nikaacha skuli, nikakaa kwenye cherehani ya mama, na mpaka leo nashona nguo za kike na kuziuza Ibra, kwenye soko la wanawake la Jumatano. Wadogo zangu wamesoma. Sitaki pongezi kwa hilo. Nani mwengine angelifanya? Ami alikuja matangani, akalia kuliko watu wote, akamkumbatia babu mbele ya kadamnasi na kusema, "Hawa sasa ni wanangu." Halafu akaenda zake, na sisi tukawa tunamwona Idi kwa Idi.

Kwetu mwanamke haolewi bila ya walii, yaani mwanamume wa upande wa baba ambaye ndiye mwenye haki ya kumuozesha. Babu alipokuwa hai hatukupata tabu. Alimuozesha mdogo wangu wa kati kwa watu wa Sur, kwa sauti ya mgonjwa, na asubuhi moja mambo yakaisha. Kisha babu naye akatangulia. Ndugu wa kiume hatuna. Kwa hivyo haki hiyo ikamwangukia ami, kama vile embe linavyomwangukia mtu aliyelala.

Nilikuwa wa kwanza kuonja. Alinijia mposaji mtu wa Qalhat, fundi wa mashine za maboti, mtu mpole mwenye mikono inayonuka dizeli hata baada ya kuoga. Ami alikuwa nchi za baridi, amefuatana na rafiki zake wenye vipanga, ndege wa kuwindia, kwenda kuwinda. Akasema tungoje arudi. Aliporudi msimu wa wageni ulikuwa umeanza, tungoje uishe. Ulipoisha alikwenda tena. Yule fundi alingoja mpaka tende zikavunwa, zikaota tena, zikavunwa tena, halafu akamtuma mama yake na sahani ya halua na maneno mazuri ya kuomba radhi. Halua tuliila. Ilikuwa nzuri.

Basi alipoposwa mdogo wangu wa mwisho, niliapa kimya kimya kwamba huyu hatangojeshwa. Yeye anasomesha watoto wadogo hapa Ibra. Mposaji ni mtu wa Nizwa, mfamasia, na walikuwa wamekwishapendana kwa adabu, jambo ambalo kila mtu alilijua na hakuna aliyelitaja. Posa ilikubaliwa wakati wa baridi. Iliyobaki ni malka, kufunga ndoa yenyewe, ambayo kazi yake haizidi ya kunywa kahawa: ami akae, shekhe akae, maneno yasemwe. Mara ya kwanza ami alikuwa na wageni. Mara ya pili goti lilikuwa linamuuma, ingawa jioni ile ile nilimwona kwenye simu akicheza na upanga. Mara ya tatu alikuwa anapanga safari ya kuwinda nyati.

Mama wa bwana harusi ni mwanamke wa mashamba ya falaji, ile mifereji ya kale ya kumwagilia mitende, hana maneno ya kuzunguka. Alinipigia simu, akaniambia kwa Kiarabu chao cha Nizwa, "Binti yangu, sisi tende zetu zinaanza kushuka. Zikimalizika na sijasikia neno, nitajua mmetukataa kwa heshima. Sitakasirika. Lakini nina mtoto mmoja tu wa kiume na siwezi kumweka juu ya rafu."

Mdogo wangu alikuwa amekaa pembeni yangu akisahihisha michoro ya watoto. Hakuuliza aliyepiga ni nani. Aliendelea kuweka alama ya nyota kwenye karatasi moja, nyota juu ya nyota, mpaka ile karatasi ikatoboka.

Siku ya pili nikaenda Bidiyah, kwenye shamba la ami, na vitumbua katika bakuli, kwa sababu kwa mtu yule huendi mikono mitupu. Nilimkuta majilisini, chumba cha wageni wanaume, na rafiki zake watatu. Mmoja ana maduka ya vipuri vya magari. Mmoja ana magari ya barafu yanayochukua samaki Ras al Hadd. Wa tatu hana kitu ila ana wakati.

"Ami, shikamoo," nikasema.

Alitazama kwanza kama wenzake wamesikia, kisha akanijibu kwa Kiarabu cha kibedui, cha kukokota na kukohoa. Rafiki zake wote wanajua kwao ni Unguja. Ibra nzima inajua. Hawasemi kwa sababu wanakula kwake.

"Huyu," akawaambia, akininyooshea kidole, "ndiye mtu wangu wa kuzungumza na Waafrika."

Alisema hivyo na kitumbua changu kiko mdomoni mwake.

Ndivyo nilivyogeuka kuwa wakala wa safari ya ami. Kampuni ya uwindaji ilikuwa Arusha, na ofisini kwao kulikuwa na dada mmoja mwenye sauti ya ucheshi ambaye baada ya siku chache tulikuwa tunazungumza kama watu waliokua mtaa mmoja. Tiketi nilizikata mimi. Sindano za homa ya manjano niliwapeleka mimi, na yule mwenye magari ya barafu alizirai kabla sindano haijamgusa. Lakini kazi kubwa ilikuwa ni matakwa ya ami. Hema lake liwe peke yake, kubwa kuliko ya wenzake. Moto usizimike. Mtu mwengine yeyote asipige risasi kabla yake. Na apatiwe ngamia.

"Dada, samahani nikuulize," yule dada wa Arusha akaniambia siku moja nilipompigia kutoka majilisini kwa ami, sauti ya simu nimeifungulia. "Hawa wazee wako wamewahi kuwinda kweli?"

"Mmoja anasema amemuua chui kwa kilemba."

"Kwa kitambaa?"

"Kwa kitambaa."

"Makubwa. Pole, dada yangu. Sasa hii habari ya ngamia. Ngamia wa kazi gani? Huku porini tunakwenda kwa gari na kwa miguu."

"Anataka kuingia porini akiwa juu ya ngamia, apigwe picha."

"Nyati akimwona ngamia atamaliza kushangaa kwanza, halafu atawatoboa wote wawili."

Nilimgeukia ami nikamtafsiria, maana rafiki zake walikuwa wanasikiliza, na yeye alikuwa anajifanya anangoja tafsiri. Macho yalikuwa yamekwishamtoka tangu kwenye neno kutoboa.

"Mwambie basi farasi," akasema.

"Anasema farasi, dada."

"Mwambie ipo pikipiki."

Walipoondoka wenzake kwenda kusali, nilimfuata kwenye birika la falaji alipokuwa anatawadha. Nikamwambia kwa Kiswahili, polepole, bila ya kuinua sauti. "Ami, safari bado siku kumi na kidogo. Tufunge ndoa kabla. Ni saa moja tu."

"Kabla nina mambo mengi, mwanangu. Wewe mwenyewe unaona."

"Basi mpe mtu uwakala aseme badala yako. Mume wa mdogo wangu wa Sur yupo, au shekhe yeyote. Sheria inaruhusu."

Akasimama, maji yanamchuruzika mikononi. "Nimpe mtu mwengine amuozeshe binti wa marehemu kaka yangu? Niwe wapi mimi? Watu watasema nini?"

"Watasema umesafiri."

"Nitamuozesha kwa mkono wangu huu. Nikirudi. Nitaleta pembe za nyati tuzitundike juu ya mlango wa bibi harusi, Nizwa nzima ije kuangalia."

"Watu wa Nizwa hawataki pembe, ami."

"Kila mtu anataka pembe," akasema. "Hajui tu."

Nimelifikiria sana jibu hilo tangu siku ile, na bado sijapata ndani yake kitu chochote isipokuwa yeye mwenyewe.

Ningeweza kwenda mahakamani. Kadhi ana uwezo wa kumwondolea haki walii anayezuia ndoa bila ya sababu, na wako wanawake waliofanya hivyo. Lakini kesi ina barua na tarehe na kuitwa na kurudishwa, na tende za Nizwa zisingeingoja. Tena upande wa pili kulikuwa na ami wa bwana harusi, mzee wa kizamani, ambaye toka mwanzo alikuwa ameuliza kwa nini kijana atafute mke kwa watu wa Zanjibar wakati Nizwa imejaa mabanati. Angesikia tumeburutana mahakamani, angepata alichokuwa anakitafuta.

Nikampigia simu mama wa bwana harusi. Sikuwa na desturi ya kumtolea mtu wa nje mambo ya nyumbani kwetu, na nilikaa na simu sikioni bila ya kusema.

"Mbona kimya?" akaniuliza. "Sema, binti yangu. Nina maziwa juu ya moto."

Nikamwambia yote.

"Ngoja. Ami yenu ndiye yule wa kwenye simu? Anayelia?"

"Ndiye, khala."

"Wajukuu wa dada yangu wanamwiga. Anapenda watu?"

"Watu hapendi. Anapenda kutazamwa."

Nikasikia anapuliza maziwa. "Basi tutakuja kumtazama. Mwambie wazee wa Nizwa wamesikia habari za safari yake na wanataka kuja kumuaga. Na shekhe wetu atakuja kumuaga vile vile, na kitabu chake."

Nilimfikishia ami maneno hayo, isipokuwa ya shekhe. Alikuwa anajaribu buti mbele ya kioo.

"Wazee wenyewe wa Nizwa?" akauliza. "Wangapi?"

"Gari nne."

"Wana kamera?"

"Vijana wao wana simu."

"Basi isiwe hapa shambani. Iwe kambini. Siku yenyewe ya safari, alasiri, mwanga ukiwa mzuri."

Mwezi wa saba pale kambini hata mjusi hakai. Wageni huondoka joto linapoanza, wafanyakazi huenda kwao, na hubakia mpishi mmoja na ngamia wawili wanaotazama ukuta. Nilimwambia. Akasema mbedui haogopi jua. Mbedui huyo nyumbani kwake ana viyoyozi vitatu, kimoja msalani.

Tulikwenda mapema mimi na wadogo zangu, yule wa kati amekuja kutoka Sur na mtoto wake mchanga. Tuligawa hema kwa pazia, upande mmoja wanaume, upande mmoja sisi. Mdogo wetu alivaa kijani, rangi ya bibi harusi, chini ya abaya, ili ami asije akaona na kuuliza. Hakuwa amelala. Wanja niliompaka uliyeyuka, nikaufuta, nikampaka tena.

Walipofika watu wa Nizwa, wanaume wamevaa kanzu nyeupe zilizokwisha kulowa mgongoni, ami alitoka kuwapokea kwa mwendo wake wa kazini, mkono mmoja juu ya jambia. Bunduki aliileta. Rafiki zake watatu walikaa nyuma yake mstari mmoja, nyuso zimewaiva. Mimi niliona yote kupitia mshono wa pazia ambao niliuacha wazi kwa makusudi.

Akahutubia. Habari za mababu, habari za njia zisizo na maji, habari za mnyama mwenye hasira anayemngoja ng'ambo ya bahari. Wazee wakasikiliza kwa utulivu wa watu waliofundishwa kusikiliza. Halafu akachukua dele mwenyewe, akamimina kahawa, na kuwapa kikombe mmoja mmoja. Ami wa bwana harusi, yule mzee wa kizamani, mwembamba kama fimbo yake, alikipokea kikombe, akakitazama, akakiweka chini kwenye mkeka bila ya kukionja. Na wenzake wote wakafuata, kikombe baada ya kikombe, mpaka mkeka ukawa na mstari wa kahawa inayofuka moshi.

Mtu yeyote wa nchi hii anajua maana yake. Mgeni aliyekuja na haja hainywi kahawa ya mwenyeji mpaka akubaliwe, na mwenyeji anayemwacha mgeni wake aondoke bila ya kuinywa hana pa kuuweka uso wake. Ami anaijua desturi hiyo kuliko wote, kwa sababu anaiuza. Kila msimu wa baridi humwita Mzungu mmoja kutoka kwenye watazamaji, humfundisha kuweka kikombe chini, kisha yeye husimama na kupiga kifua na kusema mgeni aombe hata roho yake. Mzungu huomba picha. Watu hupiga makofi.

Simu za vijana wa Nizwa zilikuwa zimekwishainuliwa. Ami aliziona, na nikaona namna mgongo wake ulivyonyooka.

"Haja yenu imekwisha!" akasema, akijipiga kifua. "Nyweni!"

"Hatujaisema bado," akajibu yule mzee.

"Imekwisha! Hata ingelikuwa shingo yangu."

"Shingo yako Mungu akuhifadhie. Tumekuja kufunga ndoa ya mtoto wetu na binti wa marehemu ndugu yako. Shekhe ni huyu hapa."

Ami aligeuza kichwa akalitazama pazia. Anajua kushona kwangu, anajua mshono wa wazi si wa bahati mbaya. Kisha akazitazama simu. Sijui alifikiri kitu gani, na sidhani kama kilikuwa kikubwa. Akatabasamu tabasamu la kazini.

Shekhe alikuja mpaka kwenye pazia na mashahidi wawili, akamuuliza mdogo wangu kwa jina lake kamili kama ameridhika. Akajibu ndiyo, kwa sauti niliyokuwa sijawahi kuisikia kwake, ya mtu mzima. Shekhe akarudi, akamkalisha ami mbele ya bwana harusi, akawashikanisha mikono, na kumwambia ami afuatishe maneno atakayomtajia.

"Usinitajie," akasema ami. "Mimi haya nimezaliwa nayo."

Akafumba macho. Wanja ulikuwa umeshuka mashavuni michirizi miwili mpaka kwenye ndevu. Akaanza kwa sifa za kabila, akapitia nyota na visima, sauti inapanda na kushuka, na alipofika pale pa kumtaja anayeolewa akafumbua macho ili simu zimpate vizuri, akalitaja jina langu.

Nje ngamia mmoja alikoroma.

"Kakuozesha wewe," mdogo wangu wa kati akaninong'oneza, na mtoto wake akaanza kulia.

Bibi harusi alinishika mkono. Katika joto lile kiganja chake kilikuwa baridi. Kule upande wa pili bwana harusi alikuwa ameachama mdomo, na mkono wake bado uko ndani ya mkono wa ami.

"Huyo siye niliyemuuliza," akasema shekhe.

"Ndiye," akasema ami.

Yule mzee mwembamba akaikamata fimbo yake. Aliinama kwa mwenzake, lakini masikio yake si mazuri na watu wa aina hiyo hawajui kunong'ona. "Wanataka kutubadilishia," akasema. "Wanatupa mkubwa."

Nilisikia, na wanawake wote wa Nizwa waliokaa pamoja nami walisikia, na waliangalia chini kwa adabu, na adabu ile ilinichoma kuliko maneno. Lakini sikuwa na nafasi ya kuchomeka. Niliona mzee anajiinua kwa fimbo, goti moja limekwishatoka kwenye mkeka, na nikajua akisimama wote watasimama, na kahawa itabaki pale pale chini.

Mwanamke hapazi sauti katika baraza la wanaume. Niliipaza.

"Ami! Hilo jina langu mimi! Anayeolewa ni mdogo!"

Na yeye, katika kuhangaika, akasahau tandiko la ngamia na tufani na yote, akanijibu kwa Kiswahili kile kile cha Malindi alichonyonya kwa mama yake:

"Mdogo yupi tena? Huyu mtoto jina lake nani?"

Hapo ndipo nilipofahamu. Hakukosea kwa joto wala kwa kutahayari. Alikuwa na mabinti watatu wa marehemu ndugu yake, na jina alilokuwa nalo kichwani ni moja, la yule anayemwita akitaka tiketi, akitaka paspoti, akitaka soksi zake za safari. Wawili waliobaki hakuwahi kuwa na haja nao, na kwa hivyo hakuwahi kuwajua.

Nililitaja jina la mdogo wangu, na la baba, na la babu, kwa sauti. Bibi harusi akalitaja vile vile, pamoja nami. Mama wa bwana harusi, aliyekuwa amekaa nasi upande wa wanawake, akamwambia yule mzee kupitia pazia, "Kaa, ndugu yangu. Mtu amekosea jina. Wewe mwenyewe wajukuu wako unawaita kwa majina ya mbuzi." Upande wa wanaume mtu akacheka, na mzee akakaa.

Shekhe hakumpa ami nafasi ya pili ya kuzaliwa na kitu. Alimtajia neno moja moja, na ami akalirejesha neno moja moja, kama mtoto wa chuoni mbele ya ubao, mpaka mwisho. Bwana harusi akakubali kabla shekhe hajamaliza kumuuliza. Vigelegele vikapigwa, na mpishi, ambaye hakujua kinachoendelea, akaja mbio na ndoo ya maji akidhani hema limeshika moto. Watu wa Nizwa wakainua vikombe vyao. Kahawa ilikuwa imepoa, wakainywa yote.

Ami hakukasirika. Hilo ndilo lisilosameheka. Baada ya dakika chache alikuwa anawapanga wazee kwa picha, huyu ashike bunduki, huyu asogee kwenye mwanga, na yule aliyekuwa karibu kuvunja ndoa ya mtoto wetu alikubali kushika jambia lake na kutazama mbali mchangani. Picha ile ameiweka, na chini yake ameandika kwamba mbedui haendi vitani kabla ya kutimiza ahadi kwa mayatima. Watu wengi sana wamempa mikono ya pongezi. Nyati, kwa taarifa, hakupigwa. Dada wa Arusha aliniambia baadaye kwamba ami alipouona unyayo kwenye tope alikumbuka goti lake, na siku zilizobakia alikaa kwenye hema kubwa kuliko ya wenzake akilinda moto usizimike.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile tulirudi Ibra magharibi, sisi watatu na mtoto mchanga. Nyumbani niliweka chai. Mdogo wangu wa kati alikumbuka jinsi mkono wa bwana harusi ulivyokuwa umenaswa ndani ya mkono wa ami, akaanza kucheka, akashindwa kumaliza kueleza, tukacheka naye mpaka mtoto akaamka. Simu ya bibi harusi ikalia. Safari hii hakutoka nje kuijibu, wala hakunitazama kwanza. Aliingia chumbani akafunga mlango, na ilikuwa ni haki yake.

Ya kwangu ikalia pia. Ami, kutoka uwanja wa ndege.

"Miwani yangu ya jua umeitia wapi?"

"Mfuko wa mbele, ami. Wa buluu."

Nikamsikia anafungua zipu. "Haya, nimeiona," akasema, akakata.

Nilikuwa nasuuza vikombe mlango ulipofunguliwa. Mdogo wangu alisimama kizingitini, simu ameiziba kwa kiganja, kijani chake kimekunjamana.

"Dada, anauliza harusi tuifanye Nizwa au hapa Ibra. Mama yake anasema wewe ndiye useme."

"Mwambie popote mtakapo," nikamwambia. "Hiyo haihitaji walii."

Akarudi ndani. Nilimsikia anamwambia, neno kwa neno, kama nilivyosema.